Medali ya Tecla

Lori la kiwanda lina tabia za bwana harusi: watu wote wanalingoja, nalo huja likijisikia. Ratiba iliyobandikwa kwenye ukuta wa mabati wa kituo cha kuuzia majani, kule Boito, inasema saa tisa. Hakuna mkulima aliye hai aliyewahi kuliona saa tisa. Saa kumi na moja ni mapema, saa kumi na mbili ndiyo desturi. Na kwa kuwa mizani na karani huja ndani ya lori hilo hilo, huwezi kuyaacha majani yako ukaenda zako. Unakaa kwenye benchi, unayageuza yasichomeke ndani ya kikapu, unaisema mvua, unaisema bei ya mbolea, halafu maneno yanakwisha na bado ni saa kumi.

Kwa miaka mingi muda huo ulikuwa wa kupiga miayo tu. Mwaka huu ukawa wa Tecla.

Tecla ni mama wa miaka arobaini, mrefu, mwenye mikono yenye rangi ya utomvu wa chai kama ya kila mtu pale. Ana mashina elfu mbili, ng'ombe wawili, mume fundi wa pikipiki, na binti mmoja, Fancy, anayesomea ualimu. Si msemaji. Kwenye mikutano ya kituo hukaa nyuma karibu na mlango, na mwaka juzi wakulima walipomchagua kwa kauli moja awe katibu, alisimama, akashukuru kwa Kipsigis, "Kongoi, lakini hapana," akaketi. Watu walishangaa kwamba amesema maneno matatu kwa mkupuo.

Basi likizo ya Aprili, Fancy alirudi nyumbani akamwekea mama yake kwenye simu katuni ya Kijapani, vipindi kumi na viwili. "Mum, hii utapenda," alimwambia. "Iko slow, lakini utapenda."

Ni habari za mwanamke wa miaka arobaini, mkata tiketi kwenye stesheni ya treni, aliyesinzia kazini siku ya mvua akaamka ana miaka kumi na sita, ameketi darasani kando ya dirisha, sare mwilini, kengele inalia. Ukisikia hivyo utatarajia mambo: labda kuna jini, labda kuna vita. Hakuna. Mama huyo anasoma sekondari tena, basi. Anabadilisha viatu mlangoni. Anakula chakula cha kubeba pamoja na marafiki zake juu ya paa la shule, wanatazama mawingu. Kuna mahali ambapo kwa dakika nne nzima wasichana wanapiga deki sakafu ya darasa na hakuna anayesema neno.

Tecla aliitazama sehemu hiyo ya deki akiwa jikoni, mwiko mkononi, na ugali ukaungua. Kesho yake alikuja na simu kituoni kwa sababu hakuweza kungoja jioni. Mwihaki, mwenye kibanda cha chai na mandazi pale kando, akachungulia juu ya bega lake.

"Hao wanasema nini?"

Sauti ilikuwa ya Kijapani, na maandishi ya chini yalikuwa ya Kiingereza, madogo kama sisimizi kwenye foleni. Tecla akasoma, akamnong'onezea. Mama aliyekuwa upande wa pili akasema hasikii, kwa hiyo Tecla akapandisha sauti kidogo. Wiki ilipokwisha walikuwa kumi na wawili wamezunguka benchi moja, simu imeegemezwa kwenye kikapu cha majani, wengi wao hawaoni chochote ila mgongo wa mwenzao, na hakuna aliyelalamika, kwa sababu hawakuja kutazama. Walikuja kumsikiliza Tecla.

Na hapa lazima niseme ukweli juu ya tafsiri ya Tecla. Alisoma yaliyoandikwa, kisha akaongeza yaliyopaswa kuandikwa. Mhusika mkuu alimpa jina la Cherop, jina la mtoto wa mvua, maana alikuja na mvua. Wali ukawa githeri, mahindi na maharagwe ya shuleni. Mwalimu mwenye miwani, ambaye kwenye katuni hana makuu, akawa "yule deputy". Cherop aliposema jambo, Tecla alilisema kwa Kiswahili, na alipokuwa anawaza, Tecla aliwaza kwa Kipsigis, kwa sauti ya chini, mpaka ukasahau kuna simu. Mtu ambaye hakuweza kusema maneno manne mkutanoni alisimulia dakika ishirini bila kumeza mate. Watu wa Boito walitazamana. Kumbe hiki kitu kilikuwa humu ndani siku zote?

Shabiki mkubwa alikuwa Mzee Johana, wa miaka sabini na nne, ambaye hajawahi kukanyaga sekondari hata kwa mkutano wa wazazi. Alifika kituoni saa nane, kabla ya ratiba yenyewe, akakalia ncha ya benchi iliyo karibu zaidi na simu.

"Mimi sikusoma," alisema. "Hii ndiyo form one yangu."

Kipindi kikiisha walijadiliana, na mara nyingi kesho yake walidai kirudiwe. Walijiuliza kwa nini kitu kisicho na vita wala mapenzi ya maana kinawashika hivyo. Mwihaki, aliyesoma na Tecla shule moja, aliyetoka kwao Kedowa na sanduku la bati akaja kusoma huku na hatimaye akaolewa huku, ndiye aliyejibu vizuri.

"Mara ya kwanza tulipita shule mbio," alisema huku akifuta mikono kwa aproni. "Njaa kwa tumbo, masikio kwa kengele. Mawingu yalikuwa juu ya dorm kila siku, ya bure, na hakuna mtu aliyaangalia. Huyu Cherop amepewa nafasi ya kuyaangalia."

Kwenye katuni hiyo, kila kipindi, Cherop hurekebisha jambo moja dogo aliloliharibu mara ya kwanza. Anarudisha kitabu. Anamwomba rafiki radhi. Kwa hiyo wakulima nao wakaanza mchezo: ungerudi, ungerekebisha nini? Mmoja alisema angesoma hesabu. Mwingine alisema asingemwibia mwenzake sabuni, na bado anamkumbuka, na akimwona sokoni anakunja kona. Ikaja zamu ya Tecla. "Mimi ningekula githeri polepole," alisema, wakacheka. Ulikuwa uongo. Mwihaki alijua ni uongo.

Wasikilizaji walikuwa na ugonjwa mmoja, wa kudakia. Tecla yuko katikati, mtu anauliza, "Kwani mama yake yuko wapi?" Siku moja Mwihaki alichoka. Alitoboa kifuniko cha mkebe wa mafuta ya kupikia kwa msumari, akakitia kamba ya katani, akakiinua juu.

"Mnakumbuka diski? Atakayemkatiza Tecla anavaa hii mpaka mwingine akosee."

Waliosoma bweni wote waliangua kicheko. Diski ilikuwa kisahani cha mbao chenye herufi za kuchonga, kwenye kamba, nacho alivalishwa mwanafunzi aliyesikika akiongea lugha ya kwao ndani ya uwanja wa shule. Alitembea nacho shingoni mpaka amnase mwingine anayeongea vibaya, amvalishe. Wa mwisho kuwa nacho jioni aliadhibiwa kuchimba visiki. Kifuniko cha Mwihaki kilitundikwa kwenye msumari wa ukuta, na kwa wiki kadhaa kilipita shingo kwa shingo kwa furaha kubwa. Tecla alicheka pia, lakini alicheka kwa meno tu.

Mwezi wa sita mvua ilikata barabara ya kituo cha jirani, na wakulima wa huko wakaambiwa walete majani hapa hadi itengenezwe. Jumatatu hiyo Tecla alikuwa ameegemeza simu tayari kwa kipindi cha kumi na mbili, cha mwisho, ambacho Cherop angeamua abaki na miaka kumi na sita au arudi stesheni. Akainua macho. Mwanamke mfupi, wa miaka sitini na kitu, alikuwa akiteremka na kikapu mgongoni, amevaa gumboot nyeusi zilizopigwa brashi zikang'aa. Katika milima yote ya Konoin kuna mtu mmoja tu anayepiga gumboot brashi.

"Simu imeisha chaji," alisema Tecla, akaitia mfukoni.

Huyo alikuwa Madam Nyanchoka. Kwao ni upande wa Chepilat, ng'ambo kule kwa Wakisii, lakini alifundisha huku, shule ya akina Tecla, miaka thelathini, akawa naibu wa mwalimu mkuu, akanunua shamba, akastaafu. Wanafunzi wake waliapa kwamba husikia Kipsigis kupitia ukuta wa mawe. Hakuwa mkatili, nisimsingizie. Alikuwa mtu aliyeamini kwamba Kiingereza ni ngazi, na kwamba mtoto asiyetaka kupanda ngazi husukumwa kutoka chini.

Sasa niwarudishe mwaka wa elfu mbili. Tecla yuko kidato cha pili, na ni siku ya wageni. Wazazi wamejaa kwenye nyasi na sufuria zao za chapati. Aliyemlea Tecla ni nyanya yake, kogo, na kogo alikuwa ametembea kutoka Boito na kibuyu cha mursik, yale maziwa ya mgando yenye mkaa, amekifunga kwa leso mpya. Kogo hakujua Kiingereza wala Kiswahili. Kwa hiyo Tecla, wasichana wanne wasio na wageni wamemzunguka, Mwihaki mmoja wao, alianza kumsimulia kogo hadithi kwa Kipsigis. Aliitunga mwenyewe, ikamjia vizuri kuliko zote. Msichana ametumwa ng'ambo ya mto kuomba moto, na kila nyumba inampa kijinga cha moto, na kila kijinga kinamzimikia njiani kabla hajafika kwao. Amekwenda nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kogo ameacha kutafuna. Na hapo hapo kivuli kikasimama juu ya nyasi.

Madam Nyanchoka hakupiga kelele. Alisema neno moja, "Tecla," akamvalisha diski, akaenda zake kusalimia wazazi wengine.

Kogo alikishika kile kisahani, akakigeuza, akakipapasa herufi zake. "Ni nini hiki?" aliuliza.

Tecla hakuweza kumjibu. Jibu lolote ambalo kogo angelielewa lingekuwa kosa la pili. Basi akafanya alichoweza, akatabasamu. Na kogo akaliona tabasamu, akaona mwalimu amekuja mwenyewe mbele ya watu wote kumvisha mtoto wake kitu shingoni, akaelewa kama mtu yeyote mwenye akili angeelewa. Alikitemea kile kisahani mate kidogo, kama wazee wanavyobariki, na kifua cha Tecla pia.

Jumapili kanisani kogo alisimama wakati wa shukrani, akatangaza kwamba mjukuu wake amepewa medali. "Amepewa na mwalimu!" alisema. "Mimi nimeiona kwa macho haya!" Jirani yao, kogo Taprandich, alipiga vigelegele mpaka mchungaji akangoja. Kijiji kizima kikajua. Tecla aliporudi likizo watu walimshika mkono njiani, naye akatazama viatu vyake. Angesema nini? Kila alipofungua mdomo mbele ya watu alisikia kamba shingoni. Na kogo, kwa miaka iliyobaki, alimuuliza mara kwa mara, "Na yule msichana, moto ulifika?" Tecla alijibu kila mara, "Nitakumalizia siku nyingine, kogo." Kogo alifariki siku nyingine hiyo haijafika.

Hilo ndilo ambalo Tecla angelirekebisha. Si githeri.

Jumanne alisema kioo cha simu kimefanya ukungu. Jumatano alimtuma mume wake na majani. Kituoni watu walikaa na midomo yao mitupu wakisikiliza mvua, na Madam Nyanchoka, ambaye hakujua amevunja kitu, alikaa mwisho wa benchi akisoma gazeti la juzi. Mwihaki alipanda mlima jioni kumtafuta rafiki yake.

"Ni yeye, sio?"

"Ni yeye."

"Tecla, sisi ni watu wa miaka forty. Hata yeye sasa anachuna majani kama sisi."

"Cherop pia ana miaka arobaini," alisema Tecla, "na akimwona yule deputy bado anaficha mikono."

Alhamisi asubuhi Mzee Johana alisimama kwenye lango la Tecla akiwa na fimbo yake na koti la mvua. Hakukubali hata chai, jambo ambalo si la kawaida kwake.

"Nina miaka sabini na nne," alisema. "Sitaki chai, nataka Cherop. Kama atabaki darasani milele kwa sababu ya chaji yako, mimi nitazikwa form one."

Tecla alicheka, safari hii kwa tumbo. Lakini mzee alipokwenda, alichuna majani asubuhi nzima bila kuyaona, vidole vikijitafutia vyenyewe majani mawili na chipukizi. Hakuna stesheni Boito ya kusinzia ukaamka mwaka wa elfu mbili. Kogo harudi. Kilichobaki ni mdomo, na Mzee Johana ambaye yuko hai leo. Aliogopa, na aliona aibu kwamba anaogopa, na hiyo aibu ya pili ndiyo iliyomchosha. Saa nane alichaji simu mpaka ikajaa, akashuka.

Walimwona kutoka mbali wakasogeza benchi. Madam Nyanchoka alikunja gazeti lake kwa adabu, akasogea pia mpaka akakiona kioo cha simu, kama mtu anayetaka kujua kelele ni za nini. Tecla hakumtazama. Alianza.

Siku ya mwisho ya shule. Mvua, kama ile ya kwanza. Majina yanaitwa, kila msichana anasimama, anaitika. Sauti ya Tecla ilitetemeka kwenye majina matatu ya kwanza, kisha ikapata njia yake. Alisimulia jinsi Cherop alivyofagia darasa peke yake kwa mara ya mwisho, akafikia hata chini ya dawati ambalo hakuna anayefagia. Jinsi alivyopanda juu ya paa na mawingu yakawa chini sana, kama ya Boito. Mama mmoja alianza kupangusa macho kwa kitambaa cha kichwa. Kisha Cherop akaingia ofisini kuaga, na akamkuta yule deputy mwenye miwani.

Kwenye kioo, Cherop aliinama, maandishi mafupi yakapita chini. Tecla aliyasoma. Lakini kilichotoka mdomoni mwake hakikuwa hayo.

"Cherop akamtazama deputy machoni kwa mara ya kwanza," alisema. "Akamwambia: Mwalimu, ulinifundisha mengi na ninashukuru. Lakini siku ile uliponikata maneno, nilikuwa sijamaliza."

"Hapana," sauti ikasema kutoka kando yake. "Hajasema hivyo. Imeandikwa *Thank you for everything*. That is all."

Mvua ilisikika juu ya mabati. Waliosoma shule ile, na walikuwa watano pale, walikaa migongo wima bila kuambiwa. Tecla alihisi shingo yake ikilemewa, na mkono wake ukaenda kuizima simu.

Sasa, kumbukeni Mzee Johana hakwenda sekondari. Hakuna aliyewahi kumfundisha kumwogopa mwalimu wa sekondari. Alichokijua yeye ni kwamba hadithi imekatizwa, na kwamba kituo kina sheria. Aliinuka taratibu, akatungua kifuniko kwenye msumari, akakifuta kwa mkono wa koti, akaenda nacho mpaka mbele ya Madam Nyanchoka.

"Mwalimu," alisema kwa heshima yote, "karibu kituo yetu. Hapa mtu akikatiza Tecla, anavaa hii."

Mwihaki alifunga macho. Madam Nyanchoka alikitazama kile kifuniko, ile kamba, lile tundu la msumari. Alielewa ni nini. Alimtazama Tecla, kisha akavua kofia yake ya mvua, akainamisha kichwa, na Mzee Johana akamvalisha.

"Endelea, Tecla," alisema Madam.

Tecla aliendelea. Alirudia pale pale, akasema tena, neno kwa neno: nilikuwa sijamaliza. Halafu akamaliza. Cherop alichagua kurudi stesheni, kwa sababu aliyekwisha kufagia vizuri hana haja ya kubaki darasani. Aliamka kwenye kiti chake cha kukatia tiketi, mvua imekatika, na abiria wa kwanza akamuuliza saa. Mzee Johana akapiga magoti yake kwa viganja. "Nimefuzu!" alisema, na watu wakacheka huku wanalia, na mama mmoja akamkumbatia Tecla na kikapu chake chote.

Kelele zilipopungua, Madam Nyanchoka alikuwa bado amekaa, kifuniko kifuani.

"Ilikuwa lini?" aliuliza.

"Visiting day, Madam. Form two. Nilikuwa ninamsimulia kogo hadithi."

"Sitakudanganya," alisema Madam. "Nimevalisha wasichana wengi, yako siikumbuki. Nakumbuka yangu. Mimi pia nilivalishwa nikiwa msichana, kwa sababu ya Kikisii. Nilikasirika mwaka mzima, na nilipokuwa mwalimu nikaipitisha." Alikigeuza kifuniko kwa vidole, kama kogo alivyokigeuza kile kingine. "Pole, Tecla. Hiyo hadithi iliisha aje?"

"Haikuisha."

Na wakati huo huo, saa kumi na moja na dakika tano, lori likapiga honi kwenye kona. Watu walishika vikapu vyao kwa mazoea. Dereva, Kebaso, alirudisha gari kinyumenyume mpaka mlangoni, akatoa kichwa dirishani. "Haraka wamama! Majani ya kule chini tayari inachomeka!"

Madam Nyanchoka alisimama. Alitumia sauti ile ya gwaride la asubuhi, ambayo kustaafu hakujaipunguza hata kidogo. "Kebaso, lori lingoje."

Katika milima ile mkulima hungoja lori. Lori kumngoja mkulima halijawahi kusikika. Lakini Kebaso alizima injini, na akavua kofia yake bila kujua ni kwa nini. Karani naye akaketi juu ya mizani.

Tecla alisimama. Hakuna aliyemwambia asimame. Aliisimulia kwa Kipsigis, tangu mwanzo, kama alivyomsimulia kogo kwenye nyasi, na Mwihaki akamtafsiria Madam sikioni, na hakuna aliyemdai Mwihaki kifuniko. Nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila kijinga kinazimika. Akafika pale alipokatizwa. Alivuta pumzi, akavuka.

Msichana alichoka kubeba moto wa watu, alisema Tecla. Alikaa chini pale pale mtoni, akakusanya vile vijinga vyote vilivyomzimikia, na chini kabisa ya kimoja akakuta chembe bado nyekundu. Akaipuliza. Aliwasha moto wake pale kando ya maji, na usiku huo waliotoka ng'ambo hii na ng'ambo ile waliuona, wakaja kuota. Watu wa kwao hawakulala na baridi tena, kwa sababu walimfuata pale motoni.

"Moto ulifika, kogo," alisema mwishoni, kwa sauti ya kawaida, akiyatazama mashamba. Kisha akakaa.

Majani yalipimwa. Jioni ilikuwa imeshuka kijani na baridi, lori likaondoka limejaa, na watu wakaagana. Madam Nyanchoka alivua kifuniko, akanyoosha mkono kukirudisha kwenye msumari wake.

"Hapana, Madam," Tecla alisema. "Hiyo ni yangu."

Madam akaelewa, au akaelewa nusu, kwa maana hakuwahi kusikia habari za kanisani. Hakumpa mkononi. Alimvisha mwenyewe, kwa mikono miwili, na kwa kuwa Tecla ni mrefu na yeye ni mfupi ilimbidi asimame juu ya vidole ndani ya zile gumboot zake zinazong'aa.

Tecla alipanda mlima na kikapu kitupu, kifuniko kikigonga vifungo vya sweta lake kila hatua. Angeweza kukificha ndani ya sweta. Hakukificha. Alitembea katikati ya njia, kichwa juu, na alijivunia nafsi yake waziwazi, bila kuomba radhi. Kwenye lango la kwanza alikuwa amekaa kogo Taprandich, mzee sana sasa, macho yamefifia, leso mabegani. Alisikia mlio wa bati akainua uso.

"Chamgei, Tecla. Ni nini hicho shingoni?"

"Ni medali, kogo," Tecla alisema kwa sauti ya kusikika hadi lango la pili. "Nimepewa na mwalimu."

"Nyingine?"

"Hapana, kogo. Ni ile ile."

Na kogo Taprandich, ambaye hakuona ajabu yoyote katika jibu hilo, akajaza kifua pumzi akapiga vigelegele.